Stelingi Hapangi Foleni

Mbele ya kibanda kimoja cha video sokoni Ifo, katika miaka ya mwisho ya tisini, palibandikwa bango la karatasi lililokwisha kupigwa na jua hata nyekundu yake ikawa rangi ya waridi na nyeusi ikawa kijivu. Katika bango hilo alisimama mtu kifua wazi, kitambaa kichwani, ukanda wa risasi begani, na moto unawaka nyuma yake. Msomaji hana haja ya kutajiwa jina lake. Chini ya bango walipita asubuhi na jioni akina mama na mabinti wenye mitungi ya manjano, wakielekea bombani kungoja zamu zao. Wengine walikwisha kuipanga mitungi yao tangu usiku ili iwashikie nafasi. Mimi nilikuwa mwalimu katika kambi ile. Kila nilipopita niliwatazama wale wa mitungi, nikamtazama na yule wa bango, nikajisemea moyoni: stelingi hapangi foleni.

Stelingi, kwa vijana ambao huenda hawalijui neno hili, ni yule mchezaji mkuu wa picha, ambaye kila mtoto wa Afrika Mashariki alifahamu kwamba hafi. Akipigwa risasi, ni begani. Akitupwa mtoni, ataibuka. Na jambo moja zaidi ambalo nililigundua nikiwa Ifo, yeye hangoji kitu chochote. Hangoji posho, hangoji kadi yake itobolewe, hangoji jina lake litajwe na watu wa Umoja wa Mataifa. Mlango ukifungwa, yeye huupiga teke.

Nikiri mapema kwamba mimi si mtaalamu wa sanaa. Ni shabiki tu, tena wa siku nyingi. Nilikulia mjini Garissa, ng'ambo ya daraja la mto Tana, wakati ambapo gazeti la picha likifika kwa basi kutoka Nairobi lilisomwa na watu ishirini kabla ya jalada lake kung'oka. Lililotamba siku hizo ni African Film, gazeti la kampuni ya Drum, ambalo ndani yake alikuwamo Lance Spearman, au Spear kwa kifupi. Alivaa kofia ya Panama na tai ya kipepeo, akavuta sigara nene, akaendesha gari la Corvette Stingray, na adui yake mmoja aliitwa Rabon Zollo. Spear hakuchorwa kwa kalamu. Alipigwa picha kwa kamera, na maneno yake yakatiwa katika viputo vyeupe kama katuni. Lakini kwetu sisi watoto tofauti hiyo haikuwa kitu. Kilichotushtua ni kwamba alikuwa mtu mweusi, naye ndiye stelingi. Mashujaa wengine wote tuliowajua walikuwa Wazungu, na mtu mweusi katika picha zao alibeba mizigo.

Kisha lilikuja gari la sinema. Lilisimama uwanjani magharibi, likatandaza kitambaa cheupe, na baada ya matangazo ya sabuni na dawa ya meno ikaonyeshwa picha. Wakubwa walikaa mbele ya kitambaa. Sisi wadogo tulikaa nyuma, tukaiona picha hiyo hiyo ikiwa kinyume, hata kwa miaka mingi niliamini kwamba wapiganaji wengi wa sinema ni watu wa mkono wa kushoto.

MPIGA DEBE WA KARATASI

Bango la sinema ni mpiga debe. Mpiga debe wa stendi ana dakika moja ya kumshawishi msafiri aingie gari lake asiingie la jirani, na bango vivyo hivyo lina muda wa mpita njia kuinua macho. Mchoraji amepewa hadithi ya saa mbili, naye lazima aiseme kwa mtazamo mmoja, kwa mtu ambaye ana shilingi chache mfukoni na pengine hakusoma.

Tazama bango la Enter the Dragon, la mwaka 1973, lililochorwa na Mmarekani Bob Peak. Bruce Lee yuko katikati, mkubwa, amekaza mwili wote, na mambo mengine ya picha yamemzunguka yakiwa madogo, kama vifaranga na mama yao. Jicho halina pengine pa kwenda. Na liko jambo la huzuni ambalo bango halisemi, kwamba Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai mwaka huo, kabla picha yake haijatoka Marekani. Walioliona bango hilo kwa mara ya kwanza katika majumba ya sinema walikuwa wakimtazama marehemu, naye ndiye mtu aliyeonekana mzima kuliko wote barabarani.

Mwingine ninayemhusudu ni Drew Struzan. Huyu alikuwa na desturi ya kupaka rangi kwanza, kisha kupitisha penseli za rangi juu yake, ndiyo maana nyuso zake zina joto ambalo kamera haina. Ndiye aliyechora bango la First Blood, picha ya mwaka 1982 iliyomleta Rambo duniani. Bunduki kubwa, macho makali, ukanda wa risasi. Ukiliona bango hilo utadhani ndani yake watu wanakufa kama nzige.

Lakini aliyeitazama picha yenyewe anajua mambo ni tofauti. Katika First Blood ni mtu mmoja tu anayeonekana akifa, naye anaanguka kutoka katika helikopta. Hadithi yake ni ya askari aliyerudi kutoka vitani Vietnam, hana kazi wala makazi, anatembea kwa miguu na mfuko wake begani akitafuta mahali pa kula. Mkuu wa polisi anamkuta, hapendezwi na sura yake, anampakia garini na kumshusha mwisho wa mji, akimwonyesha njia ya kwendea mbali. Naye anageuka, anarudi. Kutoka hapo ndipo balaa linaanza. Mwisho wake Rambo hacheki wala hashangilii. Analia kama mtoto.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la saba, kijana mwembamba mwenye maneno machache, ambaye aliitazama picha hiyo kwenye kibanda kile na kesho yake akanijia akiwa na tafsiri yake. Alisema kosa la Rambo ni moja: alitembea bila kibali cha kutoka kambini. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka. Msomaji wa mbali ajue kwamba mkimbizi wa Dadaab hakuruhusiwa kwenda hata Garissa, mwendo wa karibu kilomita 100, bila karatasi ya ruhusa, na kwenye vizuizi vya barabarani karatasi hiyo ilitazamwa mbele na nyuma. Nilikuwa nimeiona First Blood mara tatu kabla ya hapo, na bango lake mara mia, lakini sikuwa nimewahi kuona kwamba ni hadithi ya mtu aliyekataliwa kuingia mjini. Bango lilikuwa limenificha. Yule kijana hakufichwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama mabango kwa macho mawili. Kwa jicho moja nayapenda kama nilivyoyapenda utotoni: ule mng'ao, zile rangi za machungwa na samawati zinazogombana, misuli iliyochorwa kama milima. Kwa jicho la pili nauliza bango limeacha nini nje.

Nisisahau majalada ya diski, maana yalipokuja mwanzoni mwa elfu mbili yaliyafukuza mabango makubwa. Diski moja picha kumi, na jalada lake limejaa vichwa vilivyokatwa kutoka mabango kumi mbalimbali na kubandikwa pamoja, Jet Li begani kwa Van Damme, helikopta ya picha hii juu ya jengo la picha ile, na majina yameandikwa makosa matupu. Mara nyingi yule aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwenye jalada hakuwamo ndani hata kwa dakika moja. Watu walinung'unika, halafu wakakodi nyingine. Hata uongo wake ulikuwa na utamu.

Wapenzi wa picha za Kihindi watanilaumu nikiwapita. Kwa Wasomali wengi picha hizo ndizo sinema hasa. Majumba ya Mogadishu yalizionyesha kabla ya vita, na pale Ifo nilikuta wazee waliomjua Amitabh Bachchan kwa picha zake zote tangu Sholay ya mwaka 1975. Mabango ya Bombay ni shule nyingine kabisa: yalichorwa kwa mkono, makubwa kama nyumba, na M. F. Husain, ambaye baadaye alikuwa mchoraji mwenye sifa kuliko wote India, alianza maisha yake juu ya ngazi akipaka mabango ya sinema.

MAGUNIA YA UNGA

Lakini mabango yaliyonigusa kuliko yote sikuyaona Ifo wala Nairobi. Niliyaona kitabuni, nayo ni ya Ghana. Huko, katika miaka ya themanini na tisini, wenye video walizunguka na televisheni, mashine na jenereta kutoka mji hadi mji. Mabango ya kiwandani hayakupatikana, basi wakawaajiri wachoraji wa mitaani. Wachoraji hao walichukua magunia ya unga yaliyofumuliwa, wakayashona pamoja, wakapaka rangi ya mafuta. Bango likishafanya kazi mji mmoja lilikunjwa, likapakiwa na jenereta, likaenda mji mwingine. Mara nyingi mchoraji hakuwa ameitazama picha yenyewe. Aliambiwa habari zake, au aliona jalada la kanda, akaongeza yake: nyoka ambaye hayumo, kichwa kilichokatwa ambacho hakikukatwa, stelingi mwenye misuli hata shingoni. Siku hizi magunia hayo yananunuliwa na matajiri wa Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi.

Niliposoma habari hizo nilisimama kwenye neno gunia. Ifo ilikuwa ni magunia. Unga ulikuja kwa magunia, na unga ulipokwisha gunia likawa pazia, likawa ukuta, likawa mfuko wa shule, likawa kiraka juu ya paa. Hata bati la mafuta ya kupikia ya msaada halikutupwa: lilipasuliwa, likagongwa hadi likanyooka, likawa mlango wa duka, na maandishi yake ya msaada bado yanasomeka, mengine juu chini. Mwenye jicho angeweza kusoma historia ya posho yote ya Ifo kwenye milango ya soko lake.

Na mchoraji alikuwapo. Yule mwanafunzi wangu wa kibali ndiye aliyekuwa akichora. Alianza nyuma ya daftari la hesabu, kama wachoraji wote waanzavyo, na mwenye kibanda alipoona kazi yake alimwomba amchoree bango jipya, kwa sababu lile la karatasi lilikwisha. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 1997 zilikuwa zimeikumba Ifo kwa mafuriko, na kilichosalia jua lilikimaliza. Kijana alitwaa gunia, akalikaza kwa vijiti, akapaka. Lakini magunia yetu hayakuwa ya pamba kama yale ya Ghana, yalikuwa ya plastiki iliyofumwa, na rangi ya duka haishiki juu ya plastiki. Ilikaa siku nne. Upepo wa vumbi ulipovuma, stelingi akaanza kubanduka, kwanza pua, kisha bunduki. Mwenye kibanda alimlipa kwa kumruhusu aingie bure mwezi mzima, na ubaoni wakarudi kuandika kwa chaki: jina la picha, saa, na bei.

Msomaji asidhani kwamba kuchora kwa rangi ni jambo geni kwa Wasomali. Pita Garissa, pita Eastleigh, utaona kuta za maduka zimechorwa bidhaa zilizomo ndani: mguu wa mbuzi kwa mchinjaji, jino lenye mizizi kwa daktari wa meno, ngamia na kibuyu cha maziwa, simu, sindano, gurudumu. Mogadishu yuko mchoraji mashuhuri wa kuta hizo, Muawiye Hussein Sidow, anayejulikana kwa jina la Shik Shik, ambaye aliendelea kupaka mji wake rangi hata katika miaka ya mabomu. Sanaa hiyo ina sababu yake. Asiyejua kusoma anajua aingie wapi. Ni bango la sinema bila sinema, na mara nyingi mimi naona ni bora zaidi, kwa sababu mguu wa mbuzi uliochorwa nje kwa kweli umo ndani.

BANGO LISILO NA USO WETU

Sasa nifike kwenye jambo gumu. Mwisho wa mwaka 2001 ilitoka Marekani picha ya Black Hawk Down, inayosimulia mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, ambamo waliuawa askari 18 wa Kimarekani na Wasomali wasiopungua mamia. Ilipigwa Morocco. Januari 2002 nakala yake ya wizi ilionyeshwa Mogadishu kwenyewe, na haikuchukua muda ikafika kwetu.

Kibanda kilijaa siku hiyo kuliko siku zote. Walikuja hata watu wazima ambao hawakuwa na desturi ya kuingia. Baadhi yao walikuwa wakaaji wa mitaa ile ile iliyosimuliwa. Nilikaa benchi la nyuma, na kwa saa mbili na zaidi nilisikia jambo ambalo sijapata kulisikia katika sinema yoyote: watazamaji walikuwa wakisahihisha. Huyu hasemi Kisomali, walisema, huyu si Msomali kwa sura, msikiti huo hauko hapo, barabara hiyo haiendi huko. Nje ya kibanda niliulizwa na mzee mmoja, kwa upole, kama mimi mwalimu naweza kumweleza kwa nini katika picha nzima hakuna Msomali mwenye mama.

Sikuwa na jibu. Baadaye niliyatazama mabango yake niliyoyapata. Yana askari, yana helikopta, yana vumbi, na kwa ufundi ni mazuri, sitasema uongo. Lakini hakuna hata uso mmoja wa Msomali. Mji ni wao, waliokufa wengi ni wao, na kwenye karatasi hawamo. Utotoni nilimpenda Spear kwa sababu alikuwa na uso kama wangu katikati ya jalada. Nikiwa mtu mzima nikaona maana ya kinyume chake.

Kuna wazee, na masheikh, waliosema tangu mwanzo kwamba vibanda vile vivunjwe. Sitawacheka. Watoto walitoroka madrasa na shule kwenda kuona watu wakichinjana, katika kambi iliyojaa watu waliokimbia kuchinjana, na baadhi ya picha hazikufaa kuonwa na mtoto wala na baba yake. Lakini nimeona pia upande wa pili. Mwaka 2006 Mahakama za Kiislamu zilipotawala Mogadishu zilifunga majumba ya video, hata wakati wa Kombe la Dunia, na al-Shabaab waliokuja baadaye wakapiga marufuku sinema katika sehemu walizozishika. Vijana waliofika Ifo kutoka huko walikaa mbele ya televisheni kama watu waliofunga siku nyingi. Ilipofika Septemba 2021 ndipo sinema ikaonyeshwa tena hadharani katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza la Mogadishu, mara ya kwanza kwa miaka thelathini. Na kambini kwetu lilikuwako shirika la FilmAid, lililoanza kazi Kakuma mwaka 2001 na baadaye likafika Dadaab, ambalo lilionyesha picha hewani jioni na kuwafundisha vijana kushika kamera wenyewe. Waliposikia hivyo, baadhi ya wazee waliopinga vibanda walikuja kukaa mbele, juu ya mikeka.

VIJUMBA VYA KATUNI

Bango lina picha moja. Katuni ina nyingi, na kati ya picha na picha kuna ufa mweupe ambamo wakati unapita. Huo ufa ndio siri ya katuni yote. Mchoraji akitaka msomaji angoje, humchorea kijumba kisicho na neno.

Nchi zetu zina wachoraji wa kujivunia. Wasomaji wa Taifa Leo walikua na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Kati ya 1973 na 1979 tulikuwa na gazeti la Joe, la Terry Hirst na Hilary Ng'weno, lililomchora mtu wa kawaida wa mjini, mwenye suruali iliyokunjamana na deni dukani. Watanzania walikuwa na Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na baadaye Sani. Frank Odoi, aliyezaliwa Ghana na kuishi Kenya hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Nairobi Aprili 2012, alituchorea Akokhan, shujaa wa nguvu za ajabu mwenye asili ya Kiafrika, na mistari yake ilikuwa na nguvu ya bango la sinema bila kuiga mtu. Tangu 2010 vijana wana Shujaaz, kwa Sheng. Na Wasomali, popote walipo, wanamjua Amin Amir, mchoraji aishiye Kanada, ambaye kalamu yake haikumwacha mbabe wa vita wala mheshimiwa.

Lakini Ifo yenyewe ilingoja muda mrefu kuchorwa. Mwaka 2020 kilitoka Marekani kitabu cha katuni kiitwacho When Stars Are Scattered, yaani nyota zinapotawanyika, jina linalomkumbusha Mwislamu yeyote aya ya pili ya Surat al-Infitar. Kimeandikwa na Victoria Jamieson pamoja na Omar Mohamed. Jamieson ndiye mchoraji, Iman Geddy akatia rangi. Hadithi ni ya Omar mwenyewe, aliyekulia Ifo na mdogo wake Hassan, ambaye hasemi na ana kifafa, wakilelewa na mama wa jirani aitwaye Fatuma. Waliishi kambini miaka 15. Kitabu kilifika katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huo.

Mpwa wangu aliniletea. Nilikifungua usiku, nikasahau chai. Katika miaka ambayo nilikuwa nikishika chaki kule, wavulana hao wawili walikuwa katika kambi hiyo hiyo. Sidai kwamba niliwajua, maana Ifo ilikuwa mji. Lakini niliijua mitungi. Niliujua mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Niliijua ile hali ya mtoto anayetaka sana kwenda shule na hawezi, kwa sababu akiondoka nani atamwangalia ndugu yake.

Na hapa ndipo ninapotaka kumsifu mchoraji kama shabiki. Jamieson alikabiliwa na jambo ambalo mabango yote niliyoyapenda yalilikwepa: alipaswa kuchora kungoja. Kungoja hakuna msuli. Hakuna moto nyuma yake. Ukikuchora vibaya, msomaji anafunga kitabu, ukikupamba, umesema uongo. Yeye alitumia vijumba. Foleni inaanza hapa, inaendelea pale, jua limesogea, mtoto yule yule bado amesimama. Mahojiano ya kwenda ng'ambo yanakuja, kisha kimya, kisha miezi, na miezi hiyo imekaa ndani ya ule ufa mweupe. Omar hapigi mtu, hauvunji mlango. Ushujaa wake wote ni kwamba kila siku anarudi nyumbani kwa Hassan. Na mdogo wake, asiye na neno ila jina la mama kwa Kisomali, amechorwa kwa uso na mikono peke yake, nawe unamwelewa.

Ninayo malalamiko. Rangi za kitabu ni laini mno kwangu. Vumbi la Ifo ni jekundu na linaingia mpaka kwenye meno, na jua lake halina adabu. Anga la kitabuni ni zuri kuliko nilivyolikuta, ingawa usiku nakubali, usiku nyota zilikuwa hivyo hasa. Na ningependa kukiona kwa Kiswahili, kwa bei ya mtu wa kawaida, kwa sababu watoto wa Ifo walisoma Kiswahili na kukifanyia mtihani kama watoto wa Mombasa, na wengi wao walinishinda kwa methali.

Nilipokimaliza nilikwenda kufungua sanduku la bati ninaloweka karatasi zangu za kale. Ndani yake mna nakala moja ya Spear isiyo na jalada, na mna ukurasa wa daftari la hesabu ambao yule kijana mwembamba alinipa siku nilipoondoka Ifo mwaka 2003. Sijui leo yuko wapi. Penseli imefifia lakini inaonekana. Amemchora Rambo, kitambaa kichwani, misuli mpaka shingoni kama ilivyo ada. Bunduki hana. Mkono mmoja ameshika mtungi, mwingine ameshika kadi ya posho, na mbele yake wamesimama watu kumi na watatu, niliwahesabu. Nyuma yake yuko mama mmoja mwenye buibui, kidole amekinyoosha, na katika kiputo anamwambia asogee mbele, mstari umekwenda.